Breki ya Nesi Eliwaza

Mshike mwepesi, mzito atoke. Leo mmemsikia mwalimu wa kwaya akiwaambia hivyo wasichana wa sauti ya kwanza, nanyi mmenijia mbio mkitaka kujua nani alimshika nani, na huyo mzito alitoka wapi. Kaeni basi. Mwenye haraka aende zake, maana kisa hiki hakipendi watu wa haraka. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Kwembago, mahali penye duka la mbolea siku hizi, palikuwa na banda la baiskeli la ndugu wawili. Mkubwa aliitwa Kupaza, mdogo Singano. Kupaza alikuwa fundi hodari, hilo simnyimi, lakini ulimi wake uliitangulia mikono yake. Mteja alikuwa hajamaliza kueleza shida, yeye ameshajibu. Singano alikuwa mzito wa kusema. Kwake neno lilipikwa kwanza, likaiva, ndipo lipakuliwe, na kabla halijapakuliwa Kupaza alikuwa amemsemea na kuhamia jambo jingine. Watu wakazoea. Wakitaka kujua habari za Singano, walimuuliza Kupaza.

Mwaka ule Kupaza alikata shauri. Alimwambia mdogo wake mbele ya wateja kwamba Jumamosi ashuke bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, akatafute kibarua.

"Ufundi unataka mtu mchangamfu," alisema. "Wewe Mungu hakukuumbia kazi hii."

Singano aliumia sana. Aliipenda kazi ile kuliko chakula. Alitaka kusema kwamba hataki kwenda, lakini neno lenyewe lilikuwa bado jikoni, na Kupaza akawa ameshamwita mteja mwingine.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi akaja Nesi Eliwaza wa zahanati, ambaye ndiye aliyekuwa pia mkunga wetu, akiikokota baiskeli yake. Baiskeli hiyo aliachiwa na wageni kutoka ng'ambo, na breki zake hazikuwa na waya kama za kwetu. Ukibana mkono wa breki, mafuta yalisukumwa ndani ya kibomba chembamba mpaka kwenye pistoni mbili ndogo, moja kulia kwa ringi na nyingine kushoto. Kila pistoni ilikuwa na raba yake, nazo zilitakiwa kuikamata ringi kwa pamoja. Breki ya mbele ilikuwa inakamata upande mmoja tu.

"Jana nimeishia shambani kwa watu, pale konani," Nesi alisema. "Na kesho nashuka vitongoji vya chini kupima watoto. Mteremko ule mnaujua."

Kupaza alibana breki. Pistoni ya kulia ikaruka, ya kushoto ikatulia. Akaigonga ya kushoto kwa mpini wa bisibisi. Akainyoosha ringi, ambayo haikuwa na kosa lolote. Akabana tena kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyobana ndivyo ya kulia ilivyozidi kuisukuma ringi hadi ikalala upande.

"Hii ya kushoto imekufa," akasema, akachukua koleo. "Nakata hivi vibomba, nakufungia breki ya waya. Mafuta yake huku hayapatikani, na kitu kisicho na spea si kitu."

Singano alikuwa amechutama upande wa pili wa gurudumu, macho yake yakiwa karibu kabisa na ile pistoni. Kila kaka yake alipobana, aliiona inatikisika kidogo sana, pungufu ya unene wa ukucha.

"Kaka," alianza, "mimi naona..."

"Unaona nini? Shika gurudumu nikate."

Nesi aliweka mkono wake juu ya vibomba. "Singano, umeona nini?"

"Ameona nilichokiona mimi," Kupaza akajibu. "Imekufa."

"Nimemuuliza Singano, fundi."

"Nesi, ukimngoja huyu aseme, hao watoto wako wa bondeni wataota ndevu."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nesi hakucheka.

"Kungoja ndiyo kazi yangu," alisema. "Nimewahi kumngoja mtoto siku mbili mpaka akazaliwa, na leo anachunga mbuzi. Ndugu yako nitamngoja. Wewe nyamaza kidogo."

Kupaza alibaki na koleo mkononi. Singano, macho yale yote yakimtazama, alitamani aseme hakuona kitu, akafunge mzigo wake aende huko mkongeni yaishe. Lakini hakuna aliyemsemea safari hii, na neno likaiva.

"Haijafa," alisema. "Inatikisika. Mafuta ni yale yale, yanakwenda pande zote mbili, ila yanafuata penye wepesi. Ya kulia ikikimbia, nguvu inaishia huko. Hii ya kushoto siku hizi haisukumwi."

"Sasa tufanyeje?" Nesi aliuliza.

"Tutoe gurudumu. Kaka aikandamize ya kulia kwa vidole gumba, isitoke hata kidogo."

"Ya kulia ni nzima, mdogo wangu," Kupaza alisema. "Mgonjwa ni huyu wa kushoto."

"Ndiyo, kaka. Shika nyepesi, nzito itoke."

Kupaza alimtazama Nesi, akaweka koleo chini. Akaishika. Kumbe haikuwa kazi ya mchezo: ilitaka vidole gumba vyote viwili na meno yaliyoumana, na mtu aliyeuma meno hawezi kusema. Singano akabana breki taratibu. Ya kushoto haikutoka. Akabana tena, taratibu vilevile, na ile nzito ikachomoza, kiunoni imezungukwa na tope jeusi lililokauka. Akaacha kubana papo hapo.

"Ikitoka yote mafuta yatamwagika, na hatuna mengine ya kutosha kujaza," alisema.

Aliifuta kwa kitambaa safi. Akachovya unyoya wa kuku kwenye kichupa kidogo cha mafuta, kilichobaki na matone machache, ambacho Nesi aliachiwa pamoja na baiskeli, akaizungushia pistoni tone moja tu, kisha akairudisha ndani kwa kidole. Akabana, ikatoka. Akairudisha. Kila mara ikawa laini zaidi. Na huku akifanya kazi alikuwa anaongea. Alieleza kwamba Nesi akiteremka hupita ukingo wa kushoto, kwenye tope la mtaro, ndiyo maana upande huo umeganda. Aliongea siku ile kuliko alivyoongea mwaka mzima. Kupaza, vidole vikimuuma, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Baadaye alikiri kwamba hapo ndipo aibu ilipomwingia, kwani ilimpitikia kwamba sauti ya ndugu yake wa tumbo moja alikuwa haijui.

Walirudisha gurudumu, Singano akabana. Pistoni zikatoka pamoja, zikaikamata ringi katikati. Nesi akapanda, akateremka nayo mpaka konani, akarudi akiikokota huku anatabasamu.

"Imesimama pale pale nilipotaka. Nielezeni tena mmeifanyaje, ikigoma bondeni nijue."

Kwa mazoea, wote wakamgeukia Kupaza. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Singano aliuona, naye kwa mazoea yake akainama kuokota nati. Akangoja kusikia, asisikie kitu. Alipoinua kichwa alimkuta kaka yake amejiziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta, anamtazama, anangoja. Singano hakuharakishwa na mtu. Alieleza mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi ilipofika, Singano alikuja asubuhi bandani na furushi lake begani, kwa sababu alikuwa ameambiwa aende na hakuna aliyemwambia asiende. Alikuja kuaga. Kupaza alilichukua lile furushi, akalitundika kwenye msumari wa kutundikia mipira ya magurudumu.

"Kaka, si ulisema..."

Kupaza akasubiri. Akasubiri mpaka Singano akamaliza.

"Ulisema niende mkongeni. Mimi sitaki kwenda."

"Basi usiende," Kupaza alisema. "Kaa hapa, kazi ni yetu wote."

Mteja mmoja aliyekuwa ameingia na gurudumu lililopinda akamuuliza Kupaza lina nini. Kupaza akamwambia, "Muulize Singano."

"Huyu? Si mnasema ni mzito wa kusema?"

"Alikuwa mzito kwa kuwa mimi sikuwa na wa kunishika," Kupaza akamjibu. "Mshike mwepesi, mzito atoke."