Siku Jumbe Mbogo Alipolamba Jiwe la Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, na majirani, na vyombo visivyooshwa kama sisi, palikuwa na mji kwenye kona ya mto mpana. Wageni walitoka mbali kuja kuutazama, na aliyewatembeza alikuwa Pimbi, mdogo kama kiatu, mwenye maneno mengi kuliko manyoya.

Mwaka huo mji ulipata jumbe mpya, Mbogo, mzaliwa wa nyikani. Siku ya kutawazwa aliapa mbele ya wote kwamba atashika mila za mtoni. Kesho yake alimwita Pimbi amtembeze mji mzima, maana alitaka kuchagua mahali pa kujenga kasri lake. Nyuma ya Mbogo alisimama Ngiri, mtumishi wake, kigingi mkono huu, nyundo mkono huu. Ua utakaopigwa kigingi, wenyewe watahama kabla ya siku tatu.

Pimbi alijua kigingi kitaishia wapi. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa ukingoni, penye upepo na kivuli cha mikuyu, na hapo ndipo alipolala mama yake, mgonjwa wa miezi minne. Aliomba ruhusa akamuage. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, dawa zimetosha. Nataka kufia kwenye mkeka wangu, nikiusikia mto. Basi."

"Utafia hapa hapa, mama," Pimbi akajibu, na hakujua atafanyaje.

Alirudi polepole, akiwaza. Mji ule ulikuwa na mila moja: anayekunywa maji ya mtungi wa mgonjwa amekuwa muuguzi wake, na muuguzi hamhamishi mgonjwa. Lakini nani atamnywesha jumbe mtungi wa mgonjwa, na mto wenyewe umejaa pomoni?

Safari ikaanza. Walipita soko la samaki, Mbogo akasema pananuka. Walipanda kwenye kilima kirefu kinachouonyesha mji wote, Mbogo akasema hapana kivuli. Walivuka daraja la kamba, nyaka, nyaka, nyaka, Mbogo kafumba macho, Ngiri akijifanya haoni. Jua lilikuwa utosini Pimbi alipowafikisha kwenye Jiwe la Chumvi.

Akaeleza kwa sauti ya heshima kwamba kila jumbe aliyetawala mji huu alililamba jiwe hili. Mbogo akauliza ni nani aliyelamba muda mrefu kuliko wote. Pimbi, bila kupepesa, akamtaja marehemu Jumbe Tembo, aliyelamba mpaka kivuli cha jiwe kikageuka upande.

Mbogo akalamba mpaka kivuli kikageuka, kisha akaongeza.

Alipoinua kichwa, ulimi ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. "Nipeleke mtoni ninywe."

"Twende, Jumbe. Gati lile pale. Kila mtu hunywa vile vile: magoti chini, makalio juu, pua majini. Leo wamejaa, wamekuja kukuona."

Mbogo akatazama. Wafua nguo, wavusha watu, akina mama na watoto wao, wote macho kwake. Akameza chumvi.

"Jumbe hanywi hivyo. Hakuna nyumba karibu?"

"Ipo moja. Lakini ni ya kimaskini, mlango wake mfupi, na ndani mna mgonjwa. Siwezi kukupeleka."

"Nimekuuliza kama unaweza?"

Wakaenda, na watu wa gatini wakawafuata. Kufika ukingoni, upepo ukampiga Mbogo usoni. Alitazama mikuyu, akatazama mto, akamwashiria Ngiri kwa kichwa kwamba ni hapa. Kisha akainamisha pembe, akaingia kwa magoti. Mama Pimbi alichota kata ya maji kwenye mtungi uliokuwa upande wa kichwani pa mkeka wake. Gudu, gudu, gudu. Akaomba ya pili. Akanywa tano.

Nje, Ngiri alikwisha kusimamisha kigingi na kuinua nyundo. Bi Ngedere, mfua nguo, akamshika mkono.

"Weka chini, baba. Muuguzi hamhamishi mgonjwa wake."

Mbogo alipotoka na kuelezwa mila hiyo, pua zilimtanuka. "Umenitega, wewe kipande cha mnyama."

Pimbi akarudi nyuma hatua moja. "Nilikwambia mna mgonjwa, Jumbe. Nilikwambia siwezi kukupeleka."

Hakuna aliyecheka. Wote waliosimama pale walikuwa wamekisikia kiapo chake, na Mbogo aliliona hilo machoni mwao. Ndipo sauti nyembamba ikatoka ndani.

"Mtungi umebaki nusu. Muuguzi wangu mpya atateka lini?"

Mbogo akauchukua mtungi. Siku ile, na siku arobaini zilizofuata, aliteka maji gatini, magoti chini, makalio juu, kama kila mtu. Alfajiri moja ya masika Mama Pimbi alikata roho juu ya mkeka wake, mto ukivuma, mwanawe kamshika mkono. Mbogo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baada ya matanga Ngiri aliuliza kama sasa apige kigingi, maana mgonjwa hayupo tena. Mbogo akamwambia akakipige kilimani, kwenye jua.

Basi jueni, wanangu: anayeona haya kuinama pamoja na wengine, mdogo atamchagulia mlango wa kuinamia.