Tawi Alilolinusa Koala

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni basi. Na wewe unayekohoa hapo nyuma, kohoa kabisa umalize.

Zamani, hata babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na kijiji katika nchi ya mbali ambako mikaratusi haikupandwa na mtu. Iliota yenyewe, kama nyasi. Juu ya miti hiyo waliishi koala, wanyama wadogo wa kijivu, wenye pua kubwa nyeusi, wasiokula ila majani. Watu wa kijiji waliwapenda, wakawa na sheria moja: atakayesababisha koala kufa, akunje mkeka wake ahame, yeye na mkewe.

Mwaka mmoja wakataka miti ya kujengea ghala. Jumbe akamwita Shomvi, mkuu wa wakataji.

"Chagua miti ya koala, uifunge kamba. Isiyo na kamba tutaikata."

Shomvi akaingia msituni mchana kweupe. Akawaona koala wamelala kwenye miti yenye kivuli kizito. Akafunga kamba, akafunga, akafunga. Mashoka yakaanza. Ko! Ko! Ko! Pwaaa!

Haukupita muda, koala wakaanza kukonda. Asubuhi moja, pu! Mama mmoja akaanguka kutoka kwenye mti wenye kamba, mtoto kamng'ang'ania mgongoni. Alikuwa hai, lakini hajiwezi.

"Akifa huyu, Shomvi, sheria unaijua," Jumbe akasema, na hakufurahi kuisema.

Shomvi akawaza nyumbani. Mkewe, Mwajabu, alikuwa na mimba pevu. Angejifungulia njiani? Akambeba koala na mwanawe, mbio hadi kwa Bi Nambe.

Huyo Bi Nambe, jamani! Mzee mwenye akili zake, lakini kwa chakula, mtihani. Akialikwa harusini, huja na bakuli lake. Pilau ya watu huinusa, akaisukuma pembeni. Watu walimcheka hadi mbavu ziwaume.

"Shikamoo, Bibi. Nimekwisha."

"Marahaba. Hujaisha, bado unahema. Kwenye miti ile uliwakuta koala wakifanya nini?"

"Wamelala."

"Na wewe, mwanangu, unakula kitandani?"

Shomvi akatikisa kichwa.

"Hawa hula usiku," Bi Nambe akamwambia. "Mchana hutafuta kivuli tu. Niletee tawi la kila aina ya mkaratusi uliosalia."

"Bibi, mikaratusi si ni ile ile?"

"Kwako wewe unayeijengea. Nenda!"

Puku puku puku! Akaleta tawi la mti wenye gome la nyuzinyuzi. Koala akanusa. Fyu! Akageuza uso.

"Mwenzangu huyu," Bi Nambe akasema.

Puku puku puku! Akaleta tawi la mti wenye gome jeusi, gumu. Koala akanusa. Fyu! Akageuza uso, na safari hii akafumba macho. Shomvi hakungoja, akatoka tena.

Puku puku puku! Kando ya mto akakuta mti mweupe, gome lake laini lina mikwaruzo ya kucha tangu chini hadi juu. Wakataji walikuwa pembeni wakinoa mashoka. Hakuwatazama. Akavunja tawi, akarudi.

Koala akanusa. Akanusa tena. Kisha, kra. Kra kra. Kra kra kra!

"Anakula! Bibi, anakula!"

Mara ikasikika sauti kutoka mtoni. Ko!

"Unasimama nini?" Bi Nambe akafoka. "Kimbia!"

Shomvi akaruka uzio. "Acheni! Acheni! Huo ndio!"

Shoka lililokuwa juu halikushuka. Shomvi akaukumbatia ule mti, akacheka huku analia, na wakataji wakamshangaa.

Kamba zikafungwa kwenye miti myeupe yote iliyosalia, na ile ya kivuli ikaachwa vilevile. Bi Nambe akawafundisha watu kuitambua ile myeupe: gome laini, mikwaruzo ya kucha, harufu ya jani ukilifikicha. Mama koala akapata nguvu, akapanda juu na mwanawe. Jumbe akashusha pumzi kuliko wote. Na Mwajabu akajifungua mtoto wa kike, salama, nyumbani kwake.

Basi, wenzangu, ukitaka kumtunza mtu, usitosheke kujua anapolala. Muulize anakula nini, kisha umngoje ajibu mwenyewe.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyesinzia mwamsheni, akalale kwake.