Maua ya Mghoi na Kidole cha Baridi

Niwataje kwanza waliopo. Yupo Wakesho binti Mwasaru. Yupo Nyambu wa Mwachofi, si Nyambu wa Mwakai, ambaye amekwenda Voi. Yupo Mjomba, ambaye hilo ndilo jina lake, wala si mjomba wa mtu hapa. Haya.

"Hadithi iko mlangoni. Iingie?"

"Iingie, kisha tufunge."

Hapo kale, milima ya Taita ilipokuwa bado imelalia mawingu, waliishi Mghoi na mumewe Kilambo. Kilambo alikuwa mgonjwa. Kila alfajiri Baridi alipiga hodi, akaingia, akamnyang'anya joto kidogo. Alianza na nyayo. Akapanda magotini. Siku atakayofika kifuani, Kilambo hataamka.

Mghoi akaanza kumfumia sweta. Uzi mweupe aliusokota kutoka ukungu. Uzi mwekundu, kutoka udongo wa njiani. Uzi wa buluu aliuomba kwa moshi, na moshi ukampa. Akafuma maua makubwa, kila ua na uzi wake, na nyuma akaukata uzi kila ulipoishia, pawe safi. Kwao fundi alipimwa kwa upande wa nyuma. Wanawake wakija waligeuza kazi kwanza, ndipo wakasalimu. Mnawajua.

Sweta ilipofika nusu, akamfunika nayo mumewe. Baridi akaja.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mghoi, maana mgeni hafukuzwi.

Baridi akaipapasa sweta. "Kazi safi, Mghoi. Nyuma kama mbele. Usiibadilishe."

Alipoondoka, mapaja ya Kilambo yalikuwa barafu. Alfajiri ya pili akaja, akasifu, kiuno kikaganda. Alfajiri ya tatu akaja, akasifu, tumbo likaganda.

Kilambo akanong'ona, "Mke wangu, mwizi akisifu ukuta, tafuta tundu."

Mghoi akaiinua sweta kwenye mwanga. Kila rangi ilipopakana na rangi, nuru ilipenya.

"Nikifumua, naanza upya, naye yuko tumboni."

"Fumua."

"Itabidi nipitishe nyuzi zote nyuma, bila kukata. Patakuwa kama kiota cha kunguru. Wanawake watanicheka."

"Mgongo wangu hauna macho, Mghoi."

Akafumua. Maua yakarudi kuwa ukungu, yakarudi kuwa udongo, yakarudi kuwa moshi, nyumba nzima ikaelea. Akaanza tena, maua madogo kama punje za mtama, na nyuma nyuzi zikikimbia pamoja, moja juu ya nyingine. Akafuma mchana, akafuma jioni, akafuma amesinzia. Vidole vilijua njia.

Baridi akaja.

"Hodi."

"Karibu."

Akatia kidole katika ua jeupe, kikakuta uzi nyuma yake. Akatia katika ua jekundu, kikakuta uzi. Akatia katika ua la buluu, kidole kikanasa.

"Mghoi, kazi mbaya hii. Nyuma ni aibu tupu."

"Ni aibu, ndiyo. Basi kaa mbele, mgeni wangu."

Baridi akachomoa kidole chake, akateremka bondeni polepole, akaenda zake. Joto likarudi tumboni, likarudi magotini, likarudi nyayoni. Ua huwapendeza wapitao. Uzi wa nyuma humfunika mwenyewe.

"Uzi wangu umeishia hapa. Nani ataunga?"

"Tutaunga sisi."

Kilambo alikufa miaka mingi baadaye, wakati wa kiangazi, saa sita mchana.