Mgeni Aliyekuja Kupima Barafu

Kijiji cha Lashkheri kimejibanza kwenye bonde jembamba la Svaneti, nchi ya milima mirefu, nyumba zake za mawe zikiegemea minara ya kale kama wazee walioegemea mikongojo. Juu yake, mahali misonobari inapokoma, imelala barafu kuu iitwayo Tsalmi. Tangu enzi za mababu, watu wa Lashkheri waliitazama barafu hiyo kila asubuhi kama mtu amtazamavyo mama yake, bila kudhani kwamba siku moja ingeweza kukonda.

Bimurza alikuwa mmoja wao. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mrefu, mwenye masharubu meupe na ulimi mkali kama fyekeo lililonolewa. Watu walimpenda hivyo hivyo, kwa kuwa nyuma ya ulimi ule palikuwa na moyo laini kama jibini bichi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwake moyo huo uligeuka jiwe, naye ni Otia, mdogo wake wa tumbo moja.

Baba yao aliwagawia malisho ya juu kwa maneno machache: "Kulia mwa mto ni kwa Bimurza, kushoto ni kwa Otia, mpaka barafu inapoanzia." Maskini, aliamini kwamba barafu haihami. Alipokufa, barafu ikawa inarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, ikiacha ardhi mpya isiyo na mwenyewe. Mto nao, ulipopata nafasi, ukahama njia. Bimurza akasema ardhi ile ni yake. Otia akasema ni yake. Ardhi yenyewe ilikuwa mawe matupu, ambayo hata mbuzi mwenye njaa asingeyainamia. Hata hivyo, ndugu wakishagombana huwa hawakitazami tena wanachokigombania. Siku ya mazishi ya shangazi yao walirushiana maneno mazito mbele za watu, na tangu hapo, kwa miaka tisa, hawakuamkiana. Nyumba zao zilitengwa na ua wa fito tu. Wake zao, Nanuli na Tsiuri, walipitishiana hamira na umbea juu ya ua huo kila waume zao walipokwenda kukata nyasi.

Mwezi wa Agosti, nyumbani kwa Bimurza akafikia mgeni. Aliitwa Halina, Mpolandi aliyestaafu kazi ya kutengeneza piano, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi za kijivu, aliyebeba mkoba ulioonekana kumzidi uzito. Alikuwa mwanachama wa kundi la watu wa kawaida ambao hutumia likizo zao kusafiri milimani, kupima jinsi barafu zinavyopungua na kuwapelekea wataalamu vipimo hivyo, maana wataalamu ni wachache na milima ni mingi.

"Umetoka kote huko kuja kupima barafu?" Bimurza alimwuliza wakati wa chakula cha jioni, kwa Kirusi, lugha ambayo wote wawili walilazimishwa kuijua shuleni. "Kwenu hakuna barafu?"

"Ipo. Kwenye friji."

Bimurza akacheka mpaka masharubu yakatikisika. Akamkatia kipande kingine cha kubdari, mkate wa nyama ambao mkewe alikuwa ameutoa jikoni unafuka moshi. "Kesho nitakupandisha mwenyewe," akasema. "Farasi ninao wawili."

"Nashukuru sana, mzee. Ila tutahitaji na mtu mwingine. Lazima nipime pande zote mbili za mto."

"Tutampata tu."

"Nimeshampata," Halina akasema. "Nilipotoka kunyoosha miguu nilimkuta jirani yenu akichonga mpini. Mtu mchangamfu kwelikweli. Amekubali."

Mwiko ukamponyoka Nanuli mkononi. Upande ule jirani alikuwa mmoja tu. Bimurza akafungua kinywa aseme hapana, kisha akakifunga. Msvani anaweza kumnyima ndugu yake salamu miaka na miaka, lakini hamnyimi mgeni ombi lake akiwa mezani pake. Otia naye, bila shaka, alikuwa amenaswa kwa mtego uo huo.

"Nimekosea?" Halina akauliza.

"Hujakosea kitu, dada," Nanuli akajibu upesi kabla mumewe hajavuta pumzi. "Kula."

Kulipokucha, Otia alikuwa langoni na farasi wake. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mashavu mekundu kama tufaha. Alimsalimu Halina, akamsalimu Nanuli, akamsalimu hata mbwa. Ila kwa kaka yake alipita kama anayeruka kisiki. Safari ikaanza juu ya farasi watatu, Halina katikati, ndugu mmoja mbele na mwingine nyuma.

"Mwambie huyo bwana," Bimurza akamwambia Halina kwa Kirusi, "mkanda wa tandiko lake umelegea."

Halina akageuka nyuma. "Anasema mkanda wa tandiko lako umelegea."

"Mwambie nimeuona tangu nyumbani."

"Anasema ameuona tangu nyumbani."

"Muulize sasa, anangoja aanguke ndipo aukaze?"

Halina akasimamisha mwendo, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wote mnajua Kirusi kuliko mimi," akasema. "Kwa nini mmenifanya posta?"

Wazee wale wawili waliyakodolea macho masikio ya farasi wao kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni. Hatimaye Otia akashuka, akaukaza mkanda wake.

Bimurza hakuwa amefika kwenye barafu tangu ugomvi ule, kwa kiburi cha kutotaka kuonekana akiililia ardhi; kutoka kijijini alikuwa akiona sehemu ya juu ya barafu tu. Alipoukwea ukingo wa mwisho, alimsimamisha farasi ghafla. Tsalmi ilikuwa imerudi juu kabisa, nyuma ya majabali ambayo hakuwahi kuyaona maishani mwake. Ilikuwa imejaa vumbi jeusi, imekondeana kama ng'ombe mzee wakati wa baridi, na maji yalikuwa yakiitiririka kila upande. Alijisikia kama mtu aliyechelewa kwenda kumjulia hali mgonjwa wa ukoo wake. Akamtupia jicho Otia kwa wizi, akaona kwamba naye amevua kofia.

"Mlipokuwa wadogo ilifika wapi?" Halina akauliza kwa sauti ya chini.

"Pale," Bimurza akaonyesha. "Kwenye jiwe lililopasuka."

"Siyo kweli," Otia akasema, na safari hii hakusema na Halina. Alisema kwa Kisvani. "Ilishuka mpaka ule mwamba mwekundu."

"Ulikuwa na miaka sita wewe. Unajua nini?"

"Najua kwa sababu hapo ndipo tulipoificha siagi ya mama. Tuliifukia kwenye barafu tuje kuila kidogo kidogo, halafu tukapapoteza mahali penyewe. Umesahau?"

Bimurza hakuwa amesahau. Mgongo wake ndio ulioilipia ile siagi.

"Ulimwambia mama uliichukua peke yako," Otia akaendelea, akiuchezea ukingo wa kofia yake. "Nilikuwa nachungulia nyuma ya mlango. Nilikuona unavyochapwa."

Upepo ukapita kati yao. Bimurza akakohoa, akamgeukia Halina. "Mwamba mwekundu," akasema kwa Kirusi. "Andika mwamba mwekundu."

Kazi ikaanza. Kutoka mwamba mwekundu walivuta mkanda wa kupimia, ukaisha, wakauhamisha, ukaisha tena, mpaka Halina akaacha mizaha na kubaki anatikisa kichwa. Kazi ya kamba haitaki watu walionuniana. Mmoja lazima aseme "kaza", mwenzake aseme "nimekaza". Kabla jua halijafika utosini, ndugu wale walikuwa wamesemezana kuliko walivyosemezana kwa miaka yote tisa, ingawa ni kuhusu mkanda tu.

Upande wa kulia ulipokamilika, Halina na Otia walivuka kwenda kushoto maji yakiwa bado magotini. Bimurza alibaki nyuma kukusanya vifaa. Lakini jua la mchana huifanya barafu itoe jasho, na kila mtoto wa bonde lile anajua kwamba mto wa asubuhi si mto wa alasiri. Alipofika ukingoni, maji yalikuwa yamegeuka ya kijivu na yananguruma.

"Kaka," Otia akaita kutoka ng'ambo, "usipite hapo. Zunguka kule chini, mto umetanuka na kina ni kifupi."

Kama angeambiwa na mtu mwingine yeyote, angezunguka. Kwa kuwa aliambiwa na Otia, alimpiga farasi kisigino akaingia. Katikati ya mto farasi aliteleza, akamtupa, kisha akajinasua na kutoka mwenyewe. Bimurza hakutoka. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili, maji yalimfika kifuani, na ubaridi ulimchoma kama sindano elfu moja. Alijaribu kuuchomoa mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaacha kuusikia mguu, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Alimwona Otia akijifunga kamba ya farasi kiunoni. Alimwona Halina akiizungusha ncha ya pili kwenye jabali na kukaza mikono yake myembamba. Halafu mdogo wake alikuwa pale pale ubavuni mwake, anatema maji.

"Niache," Bimurza akasema, meno yakigongana. "Utakufa na wewe bure."

"Nyamaza. Miaka tisa hunisemeshi, leo ndiyo unataka kunipa amri?"

Otia akavuta pumzi, akazama. Bimurza alihisi jiwe likisogea, likarudi, likasogea tena. Mguu ukachomoka. Wakavutwa na kujivuta, wakipiga magoti na kuanguka, hadi wakajitupa juu ya mawe makavu, Halina akiwa bado ameshika kamba, viganja vikitoka damu.

Otia akamvua kaka yake koti lililolowa, akamvisha sweta lake kavu alilokuwa ameliacha ukingoni, akaanza kumsugua mikono.

"Ardhi hii," Bimurza akasema, "ichukue."

"Nani anataka mawe yako? Ichukue mwenyewe."

"Mimi ndiye mkubwa. Nimesema ichukue."

"Na mimi nimesema siitaki."

"Basi nipeni mimi," Halina akasema huku akifuta damu viganjani. "Nitapanda viazi."

Wakacheka wote watatu, kicheko kilichochanganyika na kilio, na Bimurza hakujificha uso.

Jioni wanawake waliwaona kwa mbali: farasi mmoja amebeba wanaume wawili, mdogo amemkumbatia mkubwa asianguke. Tsiuri hakungoja kwenda kuzunguka langoni. Aliuruka ua na sketi yake. Mfupa wa kifundo cha mguu wa Bimurza ulikuwa umevunjika, akafungwa plasta ngumu hospitalini, mjini Mestia. Nyasi zake za majira yale zilikatwa zote na Otia, ambaye kila siku alimpigia kelele dirishani kwamba mafyekeo yake ni butu.

Kabla Halina hajaondoka, familia mbili zilikula meza moja. Bimurza alisimama kwa mkongojo mmoja, akainua glasi. "Huyu mgeni angekuwa na adabu zaidi," akasema, "angeniachia mimi nimchague mtu wa pili. Ningemchagua yeyote Lashkheri nzima isipokuwa huyu mnene. Na leo mngekuwa mnakunywa kwa ajili ya roho yangu." Akamwekea Otia mkono begani. "Kunyweni kwa ajili yake basi."

Halina amerudi kila Agosti tangu hapo, na kila mara ndugu hao hugombania ni nyumba ipi atakayolala. Barafu ya Tsalmi haijapona. Kila mwaka mkanda unahamishwa mara nyingi zaidi, na wote watatu hushuka mlimani kimya kimya. Ila Bimurza anapumua, na ana ndugu. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.