Rajah Aliyetaka Nyimbo za Krishna

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1786, katika mji wa Kanthavar, Bara Hindi, palikuwa na Rajah mwenye himaya ndogo na jina refu: Hathising Modji Vaghji wa Pili. Himaya yake, farasi kilema angeweza kuizunguka kabla ya chakula cha mchana. Jina lake lilihitaji mpiga mbiu mwenye mapafu mazuri.

Siku hiyo Rajah alitoa amri. Kuanzia sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, ambayo mwaka ule iliangukia Alhamisi, tarehe 17, nyimbo zote za Mungu huyo ziimbwe kwa jina lake yeye Rajah.

Chanzo kilikuwa wivu. Rajah alikuwa na washairi sita waliokula vizuri na kumsifu vizuri, lakini hapakuwa na mtu aliyezikumbuka sifa hizo hadi mlangoni. Nyimbo za Lakhman Ghela, mfinyanzi, ndizo zilizoimbwa visimani, mashambani, na hata jikoni mwa Rajah. Lakhman alianza kuzitunga mwaka 1755, miguu katika udongo, macho kwa sanamu ndogo ya Krishna iliyokaa kando ya joko lake la kuchomea vyungu. Watu walimwita Bhagat, yaani mcha Mungu. Rajah alikuwa akizisikia kutoka juu ya tembo wake, akipita: sauti tamu, vigelegele, basi. Maneno hayakumfikia. Tembo ni mrefu.

Bhagat akaitwa ikulu.

"Mfinyanzi, nyimbo zako nimezipenda."

"Ni za Krishna, bwana wangu. Mimi ni mdomo tu."

"Basi mdomo huo uhamie kwangu. Palipo na jina lake, weka langu."

"Kwani washairi wako sita wana kosa gani?"

"Wananisifu kwa hofu. Nataka nisifiwe kama yeye asifiwavyo."

"Kama yeye hasa?"

"Kama yeye hasa! Usiongeze neno, usipunguze neno."

Waziri, ambaye mama yake alimbembeleza kwa nyimbo hizo hizo, alikohoa. "Mtukufu, huenda ingefaa kwanza tuzisikilize..."

"Mafua yako yapeleke nje," akasema Rajah. Kisha akamgeukia Bhagat. "Ukikataa, joko lako litavunjwa kwa nyundo, na huyo Krishna wako atatupwa mtoni. Wewe na mkeo mtatafuta mji mwingine."

Bhagat akarudi nyumbani, akamweleza mkewe, Velbai, aliyekuwa akipanga vyungu juani.

"Sasa utamnyang'anya Mungu nyimbo zake kwa ajili ya joko, mume wangu?"

"Joko hujengwa tena, Velbai. Lakini huyu aliyekaa nasi miaka yote hii, nimwone akitupwa majini kama gae?"

"Kwa hiyo utaimba."

"Nitaimba. Neno kwa neno, kama nilivyoamriwa."

Velbai akazipitia nyimbo zile moja moja kichwani. Kisha akaketi chini, akacheka hata akavunja chungu.

"Ule wa nguo?"

"Ule nimeuweka mwisho."

Yapasa nieleze hapa, kwa faida ya asiyejua, kwamba wampendao Krishna hawamwimbii enzi yake peke yake. Humwimbia pia utoto na utundu wake, mithili ya bibi amtaniaye mjukuu. Na kadiri mapenzi yanavyozidi, ndivyo utani unavyozidi.

Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, uwanja wa ikulu ulijaa. Rajah aliketi chini ya mwavuli wa hariri, na kando yake walisimama wanaume wanne wenye nyundo. Bhagat akagonga matoazi yake, akaimba:

*Hathising mwizi wa siagi, mdomo wang'aa mafuta;*
*Aulizwapo aliyekula, amsingizia paka, kajifuta.*

Nyuma ya pazia la wanawake, mama mzazi wa Rajah akasikika akisema, "Hilo la paka ni kweli."

*Hathising avunja mitungi, kisimani pana kelele;*
*Mamaye amfunga kinuni, fimbo i juu, machozi tele.*

Hapo vicheko vikapasuka. Waziri alijifunika uso kwa kilemba chake, mabega yakimtetemeka. Bhagat hakutabasamu. Akavuta pumzi.

*Hathising kapanda mtini, kakumbatia nguo za wanawake waogao...*

"Basi!" Rajah alisimama, mwavuli ukamwangukia. "Umenitukana mbele ya raia zangu!"

"Sikuongeza neno, bwana wangu. Wala sikupunguza."

"Mimi ni mwizi?"

"Wa siagi tu."

"Mimi nafungwa kinuni?"

"Mungu alifungwa, akaona ni heshima. Wewe uliomba usifiwe kama yeye hasa."

"Na huyo Mungu wako huyasikia haya yote?"

"Kila asubuhi, tangu mwaka 1755. Nyimbo hizi ndizo kifungua kinywa chake."

Sasa, marehemu Bwana Mwinyikombo Shehe, aliyekuwa karani pamoja nami, alikuwa akimalizia kisa hiki kwa kusema kwamba Rajah aliangua kicheko, akamvisha Bhagat shali ya hariri, wakala pamoja. Ninamheshimu marehemu, lakini sivyo. Hapakuwa na shali, na Rajah hakucheka. Rajah aliinua mkono kuwaita wenye nyundo, nao wakapiga hatua moja; ndipo Bhagat, matoazi bado mkononi, aliposema:

"Bwana wangu, mwenye nyimbo hizi amezistahimili miaka thelathini na moja, hajapata kuita nyundo. Wewe umekalia kiti chake asubuhi moja, na beti mbili na nusu zimekushinda. Nimrudishie jina lake, au niendelee? Maana wale wanawake bado wamo majini."