Fundi Rangi na Picha ya Harusi

Wapendwa, kabla sijawasomea neno la leo, nataka mkutane na mzee mmoja, fundi rangi. Hamjapata kumwona, lakini nadhani mtamtambua.

Mzee huyu alipaka majengo ya watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Zahanati, shule, maduka ya sokoni, yote yalipitia brashi yake. Ukimpelekea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, alikigeuza kidogo tu, akakuambia: "Hii ni krimu iliyotiwa tone la kahawia. Niliipaka mimi, ule mwaka wa mvua nyingi." Kwenye rangi hakuwa na mpinzani.

Yeye na mkewe walikuwa wanakaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa, na watoto wao walikuwa wakiandaa ibada ya shukrani. Mzee akaona naye amfanyie mkewe jambo. Nyumbani walikuwa na picha moja tu ya harusi, nyeusi na nyeupe. Akaichomoa kwenye fremu kimyakimya, akaifunga kwenye gazeti, akaipeleka kwa binti mmoja mpiga picha mwenye studio pale mjini.

"Binti yangu, itie rangi. Iwe kama imepigwa jana."

Binti akaiingiza kwenye kompyuta, ikajaa kioo kizima. "Haya, mzee. Maua aliyoshika mama yalikuwa ya rangi gani?"

"Maua... yalikuwa maua tu."

"Na mama mwenyewe?"

"Mweusi."

"Mweusi wa namna gani? Kuna weusi wenye wekundu kwa ndani, kuna wa kahawia. Na macho yake je?"

"Macho si macho tu, mwanangu!"

Binti akacheka, lakini mkono aliuondoa kwenye kompyuta. "Kubuni naweza, mzee. Hata kumng'arisha awe kama wale wa kwenye kalenda, ni dakika mbili tu. Ila nitakuwa nimekupa picha ya mke wa mtu mwingine. Nenda kamtazame kwanza. Asubuhi, mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Taa ya ndani itakudanganya, inapaka kila kitu njano."

Msicheke, akina baba. Nikiwauliza maswali hayo hapa madhabahuni, ni wangapi mtajibu?

Mzee aliondoka ameinamisha kichwa. Ukuta wa zahanati anaujua, uso wa mkewe haujui!

Kesho yake asubuhi mama alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Mzee akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akatulia.

"Baba Anganile, unaumwa?"

"Hapana. Nakutazama."

"Tangu lini?"

Mama alilisema kwa utani, lakini lilimwingia mzee kama mwiba. Akaendelea kutazama. Weusi wake ulikuwa na wekundu wa udongo wa matofali, na mashavuni, jua lilipopiga, ulikuwa kama asali. Mzee akaanza kuuchanganya kichwani, rangi na rangi, kama alivyozoea kuchanganya kwenye ndoo, na akaona kwamba hajapata kupaka kitu kizuri namna hiyo. Alijisikia kama kijana aliyekuja kuposa.

Kisha akafika kwenye macho.

La kulia lilikuwa kahawia nzito. La kushoto, katikati, lilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akarudi kwenye la kulia, akatazama vizuri zaidi: hata huko ukungu ulikuwa umeanza. Akayashusha macho hadi mikononi mwake. Vidole vya mama vilikuwa vikipapasa punje moja moja, vinatafuta mawe. Hapo ndipo mzee alipokumbuka ni mara ngapi, kwa miaka hii miwili, ameisukuma sahani kwa hasira kwa sababu jino limekutana na jiwe.

"Mama Anganile," akasema taratibu, "hiyo kanga uliyojifunga ni ya rangi gani?"

Vidole vikasimama.

"Ya kijivu," mama akasema mwishowe.

Ilikuwa ya bluu, wapendwa. Bluu ya kung'aa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ilianza bluu kufifia, nikadhani kanga zangu zinachuja. Baadaye na kijani. Nikasema ni uzee, na wewe unarudi umechoka. Njia ya jikoni naijua hata nikifumba macho. Nikaona nisikusumbue."

Mzee aliupokea ule ungo, akamaliza kuchambua maharage yeye mwenyewe, na machozi yakimdondokea humo humo.

Wiki ile ile walikwenda hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba wangezidi kungoja mama asingeona hata mlango. Wakamfanyia upasuaji jicho la kushoto. Siku ya pili muuguzi akaitoa bandeji. Mama akapepesa, akamkodolea macho mzee aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Kumbe umezeeka hivi!"

"Nimezeeka, mke wangu."

"Na hilo shati! Nani alikuchagulia shati la rangi hiyo?"

"Wewe. Krismasi iliyopita."

Walicheka hadi muuguzi akawaomba wawaonee huruma wagonjwa wengine.

Walipotoka walikwenda moja kwa moja kwa yule binti, safari hii wote wawili, maana siri ilikuwa imekwisha. Mzee akaeleza rangi ya ngozi na ya macho bila kusita, kifua mbele. Maua, mama akasema, yalikuwa ya njano, aliyachuma nyuma ya nyumba ya mchungaji. Binti akazitia zile rangi kidogo kidogo, akasema akizizidisha watu wataona rangi, hawatawaona wao. Kisha akauliza:

"Na mzee je, siku hiyo alivaaje?"

Mzee akakuna kichwa. Mama hakungoja.

"Suti ya kijivu, ya kuazima kwa mjomba wake, mikono mifupi. Na soksi moja nyeusi, moja bluu. Niliziona tulipopiga magoti. Sijamwambia mtu hadi leo."

Mzee akamgeukia, mdomo wazi. Miaka arobaini, yeye mwenyewe hakujua.

Mmesikia, ndugu zangu? Mwenye macho mabovu ndiye aliyekuwa amemtazama mwenzake. Mwenye macho mazima, fundi, alisubiri kuulizwa na mtoto wa watu ndipo akaona.

Na sisi je? Tunapiga picha, tunaziongezea rangi, tunang'arisha nyuso za wenzetu ili wageni wazipende, na mwenye uso amekaa nasi mezani, anafifia, hatuna habari. Si kwamba hatumpendi. Mzee yule alimpenda mkewe, angeapa. Lakini mpendwa asiyetazamwa atajuaje kwamba anaweza kusema anaumwa? Mungu hututazama hivyo, mmoja mmoja, asubuhi mlangoni, na ndivyo anavyotaka tutazamane.

Basi kabla hatujasimama kuimba, mgeukie uliyekuja naye. Usimwambie kitu. Mtazame tu, mpaka umwone. Nami sina haraka, nitawangoja.