Vunjajungu na Vyungu vya Harusi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza ugali wa moto? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hii naijua mimi tu. Anayebisha asimulie yake.

Hapo kale, milimani Upare, kulikuwa na mfinyanzi, Namkunda. Binti yake alikuwa anaolewa, na vyungu vya harusi vilianikwa uani, bado vibichi.

Siku moja Namkunda akashuka bondeni kutafuta kuni. Masika yalikuwa yamepita, maua yamefumka kila mahali, manjano kwa zambarau, hata ng'ombe wanaona haya kukanyaga. Akainamia ua moja jeupe. Lo! Ua likamkodolea macho!

Kumbe ni vunjajungu, yule mdudu ambaye, wanasema wakubwa, ukimgusa vyungu vyako vyote vinapasuka. Mapaja kama petali, mikono kaikunja kama yuko kwenye sala.

"Umependeza wewe!"

"Nimependeza, na nina njaa. Toa kivuli chako."

Mara nyuki, vuuu! Miguu imejaa unga wa maua, inang'aa kama dhahabu.

"We nyuki, usitue!"

"Niache dada, niko kazini." Akapita.

"Usimle, bwana," Namkunda akasihi.

"Nile nini, majani? Mimi mbuzi?"

Vuuu! Nyuki akarudi, karibu zaidi.

"Usitue!"

"Niko kazini, dada." Akapita.

"Kwangu nzi wamejaa," Namkunda akamwambia vunjajungu. "Njoo ule."

"Nibebe basi. Kama unathubutu."

Namkunda akanywea. Vyungu vikipasuka, wageni watapikiwa kwenye nini? Kwenye kofia ya bwana harusi?

Vuuu! Nyuki akatua. Mikono ya vunjajungu ikakunjuka. Namkunda akafumba macho, akamnyakua vunjajungu!

Akakimbia naye hadi nyumbani, akamweka juu ya chungu. Kimya. Chungu cha pili. Kimya. Cha tatu. Kimya! Vunjajungu akavitembelea vyote, akala nzi, akachungulia huku na huku.

"Hata ufa?"

"Hata ufa."

Mabega yakamshuka vunjajungu. "Sasa mimi ni nani?"

Namkunda akamtazama weee, hakummaliza. Akaokota kijiti, akachuchumaa mbele ya chungu kibichi.

"Wewe ni ua lenye miguu," akasema. "Tulia nikuchore."

Hadithi yangu imetua hapo. Asiyeamini, amguse!